Vyuma vya Katikati vya Kinanda cha Mzee Simbeye

Wadogo zangu mnaobaki kibandani, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijafunga mizigo. Nimekubali, ingawa karatasi ya kwanza nimeichana kwa sababu mstari ulipinda, na ya pili kwa sababu niliona aibu kuichana ile ya kwanza. Mnanijua.

Watu wakisikia nimestaafu wanacheka, maana kichwani sina hata mvi moja. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza, "Umestaafu kazi au umestaafu usichana?" Daktari wa masikio kule Mbeya yeye hakucheka. Aliniambia sikio la kulia limeanza kupoteza sauti nyembamba, na kwamba kukaa karibu na spika kila siku kutalimaliza na la kushoto. Basi narudi Mbozi kwenye kahawa ya baba. Kahawa haina sauti nyembamba. Malipo sitayaeleza, na vyeo havikuwepo: niliingia nikiitwa fundi, natoka nikiitwa fundi.

Hakuna aliyenisomesha kazi hii. Kinanda changu cha kwanza kilikuwa kile kidogo cha kanisani kwetu, kilichomwagiwa chai ya maziwa siku ya harusi. Nilikifungua kwa kisu cha mezani huku nikitazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, hivyo nusu ya maelezo sikuyaona. Nilipokifunga, skrubu mbili zilibaki mkononi. Kikalia. Waimbaji walipiga vigelegele, mimi nikatoka nje kuzihesabu tena zile mbili. Mpaka leo nawaza skrubu zile zilitoka wapi.

Mtu aliyekaribia kuwa mwalimu wangu ni Ba Mwape, fundi redio wa upande wa Nakonde. Hilo "Ba" ni heshima ya Kibemba, na yeye alilistahili. Sisi wa Tunduma kuvuka kwenda Nakonde ni kama kuvuka barabara, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kigoda chake nikimtazama. Hakunifundisha chochote kwa maneno, isipokuwa jambo moja: "Ukigusa kitu chenye umeme, mkono mmoja uwe mfukoni, mukwai," neno la adabu la kwao. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ili umeme usipate njia ya kupita kwenye moyo wako." Nilisahau mara moja tu. Nilijikuta nimekaa chini, pasi ya lehemu iko mlangoni, na Ba Mwape anaendelea kunywa chai. "Sasa umesoma," akasema. Nawaombeni ninyi msome kwa njia ile ya kwanza.

Mengine ya vifaa ni machache. Vumbi la Tunduma msilipulize kwa mdomo, mate yanatia chuma kutu. Tumieni mswaki mkavu. Tupa iwe ndogo na isigusane na tupa nyingine. Bisibisi yenye ncha iliyolika itupeni siku hiyohiyo, msisubiri iharibu skrubu ya mtu. Mimi nikifunga skrubu naifungua tena nione kama niliifunga. Hilo msiige. Ni ugonjwa.

Sasa nije kwenye kazi iliyonishtua kuliko zote, na ambayo mwakani itawaangukia ninyi.

Mama Simbeye alikuja kibandani mwezi wa baridi, kinanda kikiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimefunikwa blanketi kama mgonjwa. Mumewe, Mzee Simbeye, mwalimu wa kwaya yetu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ujanani mzee alifanya kazi kwenye migodi ya Zambia, na aliporudi alileta kinanda hicho kwa treni. Ni kinanda cha umeme cha zamani, si kama hivi vyetu vyenye sauti za kurekodiwa. Ndani yake mna vyuma vyembamba vya urefu wa kidole, kila kimoja kimefungwa kwa skrubu yake. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo ya mbao inagonga chuma, chuma kinatikisika, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Niliwahi kuviona kwenye video tu. Nikaficha mikono mifukoni, yote miwili.

"Shikamoo mama. Kina tatizo gani?"

"Marahaba mwanangu. Hakilii vizuri katikati."

"Tangu lini?"

"Tangu matanga yalipoisha."

Nilidhani panya. Mbozi na Tunduma kote, kinanda kikikaa bila kupigwa panya huhamia, na nimewahi kukuta humo maganda ya kahawa ya kujaza debe. Nikafungua mfuniko. Nyundo zote zilikuwepo. Vibao vyote vilikuwepo. Lakini katikati kabisa, pale mkono wa mpigaji unapokaa muda mwingi, nafasi saba zilikuwa tupu. Vyuma vyake havikuvunjika. Vilifunguliwa kwa ustadi, na skrubu zake zilirudishwa kwenye matundu yake ili zisipotee. Nilihisi kama nimefungua kinywa cha mtu nikakuta meno ya mbele hayapo.

"Mama, vyuma vya hapa viko wapi?"

"Viko kwa wenyewe," akanijibu, kama vile nimemuuliza kuku wake wamekwenda wapi.

Mnajua desturi. Matanga yakiisha, vitu vilivyozoea mkono wa marehemu hugawiwa: shoka kwa huyu, koti kwa yule, redio kwa mwingine. Aliyegawa alikuwa baba mdogo wa watoto, yaani mdogo wake marehemu, mwashi mstaafu mwenye macho makini. Alipofika kwenye kinanda wakaanza kunung'unika. Kila mtu alikitaka na hakuna aliyetaka mwenzake akipate. Baba mdogo akaomba bisibisi. Akakifungua, akawatolea vile vyuma vya katikati ambavyo kaka yake alivigonga zaidi, kila mtoto kimoja, na sanduku akamwachia mjane. Watu walimsifu kwa haki yake. Hakuna aliyeuliza kama kitalia tena.

Nilishtuka hata nikasahau adabu. "Mama, hii ni kama kugawana moyo wa ng'ombe huku bado mnamkamua!"

Akacheka. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikamwambia naweza kuchonga vyuma vipya, nipewe muda tu. Akatikisa kichwa. Mwezi ujao wangejengea kaburi la mzee na kufanya ibada ya kumbukumbu, na siku hiyo alitaka kinanda kilie sebuleni kwake, kwa vyuma vilevile. "Uwafuate watoto, uwaambie wavilete. Lakini usipokee kwa mkono wako. Kila mtu aje nacho mwenyewe." Nilidhani ni mambo ya mila, nikaitikia.

Nilianza na Lazaro, mtoto wa kwanza, anayeshughulikia nyaraka za malori pale mpakani. Nilimkuta kwenye foleni, karatasi kwapani, akigombana na dereva.

"Chuma cha mzee? Kipo, sikukitupa." Akatoa funguo za gari. Chuma kilikuwa kinaning'inia hapo, kimetobolewa tundu karibu na ncha.

"Kaka, umekitoboa!"

"Sasa ningekitundika vipi?"

Niwaeleze kwa nini nilitaka kulia. Sauti ya chuma hicho inatokana na uzito wa ncha yake, ambako kuna tone la lehemu. Ukipunguza uzito, sauti inapanda; ukiongeza, inashuka. Lazaro alikuwa amepandisha sauti ya baba yake kwa drili. Na hakuwa peke yake. Dada yake anayenunua mpunga Mlowo alikuwa amekinoa chake kiwe cha kufungulia viroba. Mdogo wao wa Ileje alichimbia chake kizingitini kwa ajili ya baraka, kikapata kutu. Wa nne, afadhali, alikisahau kabatini. Wote wakakubali kuja.

Hao ni wanne. Nafasi zilikuwa saba. Nilimuuliza Mama Simbeye, akasema, "Hivyo vingine mwulize shemeji yangu, ndiye aliyegawa."

Nikaenda kwa baba mdogo. Nilipotaja vitatu vilivyobaki aliinuka, akachungulia nje, akarudi akafunga mlango.

"Nani kakuambia ni saba?"

"Mashimo, baba. Nimeyahesabu."

Akajaribu komeo kama limeshika. Kisha akanielekeza Nakonde, kwa mwanamke anayeuza vitenge karibu na soko, na akasema, "Ukifika utaelewa. Halafu usinitaje."

Nilielewa kabla sijafika mezani kwake. Ilikuwa kama Lazaro amesimama pale amevaa kitenge. Paji lilelile, nyusi zilezile, hata namna ya kukunja mdomo akihesabu kitambaa. Kwa Wanyamwanga mwanamume wa ukoo huo ni Simbeye na mwanamke ni Nambeye, na juu ya meza yake aliandika kwa rangi: BA NAMBEYE VITENGE. Wala hawakujificha. Ni sisi wa upande huu tusiosoma vibao vya ng'ambo. Mzee wa kanisa letu, mwalimu wa kwaya, alikuwa na nyumba nyingine upande wa pili wa mpaka na watoto watatu wazima, na miaka yote ile mimi nilikuwa naimba sauti ya pili nyuma yake.

Nilimweleza kilichonileta. Akakunja kitenge alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ni nani amekutuma? Mama wa huko?"

"Ndiyo."

"Anajua tupo?"

"Sijui, dada. Kweli sijui."

"Awe," akasema, yaani hapana. "Siku ya mazishi tulikaa ndani ya gari barabarani. Hatukushuka. Tuliona kofia za watu tu. Leo tuingie sebuleni kwake tukiwa akina nani? Wateja wa kinanda?"

Akainama chini ya meza, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa mara nyingi. Chuma chake kilikuwa safi kama siku kilipotoka kiwandani. Nilinyoosha mkono, nikakumbuka agizo, nikaurudisha.

Nilivuka kurudi Tunduma nikiwa sijui nimebeba nini. Kumwambia mama mwenye umri ule kwamba marehemu alikuwa na nyumba nyingine? Kumficha, halafu kinanda kibaki na pengo la vyuma vitatu mbele ya wageni? Kuna wakati niliwaza kuchonga vile vitatu kwa siri. Nilishachagua hata chuma. Nikaona hapana, atajua. Mimi mwenyewe kila kibao kikigongwa ningekuwa natokwa jasho.

Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikaanza mbali sana, nikaeleza habari za lehemu, za kutu, za hali ya hewa ya Ileje. Akanikatisha.

"Umefika Nakonde?"

"Nimefika."

"Nambeye hajambo?"

Ungo ulinitoka mkononi, maana nilikuwa namsaidia. Maharage yakasambaa uani na kuku wakaja.

"Mama, unawajua?"

"Mwanangu, mwanaume anavuka mpaka kila Jumamosi kununua sukari, na sukari ndani haiishi. Ningekosaje kujua?" Akawafukuza kuku. "Wakati wa kugawa nilimwambia shemeji atoe na vitatu vinavyofuatana, awape anaowajua yeye, visitawanyike. Yeye mpaka leo anadhani nilibahatisha."

"Kwa nini usiwaite tu?"

"Nikiwaita mimi, Lazaro atafunga mlango. Ni mkali, ana kiburi cha baba yake. Lakini kinanda cha baba yake hawezi kukifungia mlango. Mimi sina muda mrefu, fundi. Nataka siku moja watoto wa Simbeye wakae chumba kimoja nikiwaona. Siku ya kumzika mzee gari lao nililiona; siku ya kunizika mimi sitaki mtu akae kwenye gari."

Basi hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimepewa, na mimi nilidhani ni ya vyuma. Nilivuka tena. Nikamweleza Nambeye maneno hayo kama yalivyosemwa. Alinipunguzia bei ya kitenge nisichokihitaji, na nikakinunua.

Siku ya ibada kinanda kilikuwa sebuleni, kimefunguliwa, nyundo zote nimezisafisha, pasi ya lehemu iko moto. Watoto wa Tunduma walikuwa wameshafika wakati mlango ulipobishwa. Nambeye na wadogo zake wawili wa kiume wakasimama kizingitini, kila mmoja ameshika kitambaa chake. Nilimtazama Lazaro akimtazama yule kijana wa mwisho, ambaye ni kama picha ya mzee ya ujanani iliyokuwa ukutani karibu na mlango. Alitazama picha, akamtazama kijana, akaitazama picha tena.

"Hawa ni nani?"

"Ndio wenye vyuma vya pale," mama akajibu. "Kaa."

"Mama, unajua hawa ni..."

"Nilijua wewe ukiwa bado unanyoa ndevu ambazo hazijaota. Kaa, Lazaro."

Hakukaa. Lakini pia hakutoka. Alisimama akiegemea kabati, mikono kifuani. Baba mdogo alikuwa anasoma kalenda ya mwaka jana kwa makini makubwa.

Nikaita kimoja kimoja. Nilitaka kufunga vyuma mwenyewe, maana kukosea kidogo tu nyundo inagonga pembeni. Mama akakataa: kila mtu na chake. Nilisimama nikisaga meno watu wasiowahi kushika bisibisi wakikaza skrubu zilizonizidi umri. Cha Lazaro niliziba tundu kwa lehemu, sauti ikashuka kupita kiasi, nikapunguza kwa tupa mpaka ikarudi mahali pake. Cha Mlowo nikakiongezea ncha. Cha Ileje nikakisugua msasa kwa upole, na bado kilikuwa na mkwaruzo kidogo. Vya Nakonde havikuhitaji chochote, na kila mtu aliliona hilo.

"Nani anapiga?" nikauliza.

Wanne wa Tunduma wakatazamana. "Sisi alitukataza kukigusa," Lazaro akasema. "Hata kufuta vumbi alifuta mwenyewe."

Nambeye akavuta kiti. Akaweka mikono juu ya vibao bila kubonyeza, kama mtu anayepima joto la maji. "Mimi alinifundisha," akasema. "Alinichorea vibao kwa chaki, juu ya meza ya jikoni. Nilikuwa nabonyeza meza, yeye anaimba sauti inayotakiwa kutoka. Sijawahi kusikia."

Akapiga wimbo ambao mzee alifungia ibada kila Jumapili. Noti ya kwanza ilipotoka aliruka kitini kama aliyeguswa na umeme, akaziba mdomo. Kisha akaanza upya. Vidole vilikuwa vya mzee kabisa, hata ile tabia yake ya kuchelewesha kidogo kabla ya mstari wa mwisho, ambayo sisi wa sauti ya pili tuliilalamikia sana. Chuma cha Ileje kilikwaruza. Skrubu ya Mlowo ilikuwa imekazwa mno na sauti yake ilikuwa fupi. Mimi niliyesikia kila kasoro nilikuwa nimekaa juu ya viganja vyangu. Lazaro alikuwa ameshakaa. Sikuona alipokaa.

Wimbo ukaisha. Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Sasa kila mtu afungue chake."

Nilidhani ni sikio langu la kulia. "Mama, kimepona. Kinalia chote. Kwa nini tukivunje?"

"Kikikaa kizima, mwakani nani atavuka?"

Sijawahi kuona kazi yangu nzuri ikifunguliwa mbele yangu na wenyewe, kwa bisibisi yangu. Nilishtuka na kukasirika. Baba mdogo akapita na sahani ya maandazi, akavikusanya vyuma humo, na vikachanganyikana kwenye makombo. Lazaro akainamia sahani.

"Changu kipi? Kilikuwa na tundu."

"Fundi ameliziba," mtu akasema, na wote wakanigeukia.

Nilivijua vyote. Cha Lazaro kilikuwa na lehemu mpya inayong'aa, cha Nambeye hakikuwa na alama hata moja. Mtu yeyote aliyewahi kushika tupa angevitofautisha. Nikafungua mdomo nivitenge. Lakini Lazaro alikuwa ameshaokota kimoja, kile kisafi, akakitia mfukoni. Akachagua kingine pembeni yake, akakipangusa makombo kwenye shati lake, akamnyooshea Nambeye. Kilikuwa chake mwenyewe, chenye tundu lililozibwa.

"Chukua hiki, dada," akasema. "Vyote ni vya mzee."

Mama Simbeye alinitazama mimi, si wao. Nikafunga mdomo, nikazima pasi.

Kwa hiyo mwakani, wadogo zangu, mtaitwa nyumba hiyo. Nendeni na msasa laini, skrubu za akiba na uvumilivu. Kila chuma kigongeni kidogo kwanza, sauti yake itawaonyesha nafasi yake. Msikipange kwa jina la aliyekileta. Na mtu akija na kisicho chake, msimsahihishe.